Grupu: JIRANI FREE AREA – MAZISHI YA MZEE WA POSHO

*Jumanne*

[18:42] Mama Kevo (Katibu): Jirani zangu habari za jioni. Mzee wa Posho ametuacha usiku wa kuamkia leo. Nimepita hapo asubuhi nikakuta mashine imenyamaza na mlango umefungwa, na tangu nihamie hapa sijawahi kuona huo mlango umefungwa siku ya kazi. Mazishi ni Jumamosi, kwake Subukia. Tunataka basi, hema na shada. Kila nyumba 500, tuma kwa namba yangu halafu uandike jina hapa.
1. Mama Kevo 500

[18:55] Mama Ciru: Aki Mungu wangu. Juzi tu amenisagia

[18:57] Fundi Pikipiki: Woi. Makiwa kwa familia

[18:58] Kinyozi wa Stage: 😭😭

[20:31] Mama Kevo (Katibu): Nimeona watu 41 wamesoma. Jina ni moja, na ni langu.

[20:40] Baba Ciru: Katibu pole na kazi. Lakini kabla tutume hii, ile pesa ya basi ya mazishi ya yule mama wa kona iliishia wapi? Ilibaki 6,400. Nimeuliza kwa mkutano nikaambiwa ningoje, sasa ni miaka minne

[20:41] Mama Kevo (Katibu): Baba Ciru, si leo tafadhali

[20:43] Baba Ciru: Si leo lini na barabara ni ile ile

[20:44] Kinyozi wa Stage: 😂😂 ile basi ilikufa kwa mlima wa Subukia bana. Mimi nilisukuma na suti ya kuazima, ikapasuka hapa nyuma, nikasimama kaburini nimefunga leso ya Mama Ciru kiunoni

[20:45] Mama Ciru: Na hiyo leso hujawahi kurudisha

[20:45] Fundi Pikipiki: 😂😂😂😂

[20:47] Mama Kevo (Katibu): Jameni mtu amekufa. Dipoziti ya basi inatakiwa kesho saa sita. Majina.

[20:52] Fundi Pikipiki: Lakini Katibu hiyo siku mnakumbuka nani alikuwa anasukuma upande wa nyuma na sisi? Mzee. Na koti lake la kanisa. Halafu akapiga simu lori lake likatoka hapa na magunia juu, tukakalia magunia mpaka huko. Hakuna mtu alimuuliza dizeli ni pesa ngapi

[20:58] Fundi Pikipiki: Na wacha niseme ile yangu. 2014 nimetoka Molo sijui mtu hapa Nakuru. Nimenunua mahindi kidogo nikaona mzee mmoja amejaa unga mpaka kwa kope, nikamwambia mzee nibebee hili gunia mpaka stage nitakupa mbao, yaani shilingi ishirini. Akabeba. Nikampa mbao akachukua akasema asante kijana. Kesho yake nimeenda kuomba kazi ya kupakia, naambiwa ingia kwa ofisi umwone mwenyewe, naingia ni yeye. Nilitaka kukimbia. Akaniambia ile mbao yako nilinunua nayo chai, ilikuwa tamu, anza kazi leo. Hakuwahi kuitaja tena, hata siku moja

[20:59] Mama Ciru: Nalia na nacheka

*Jumatano*

[07:15] Mama Kevo (Katibu): Amkeni na baraka. Majina bado ni matatu. Basi ya viti 33 wanataka 14,000 kwenda na kurudi. Na mke wa kijana wake amenipigia, anasema Mzee aliacha neno kwamba hataki hema mbili, hataki PA za kupaza sauti, na hataki magari ya kufuatana. Mimi naona hiyo ni unyenyekevu wake tu, hatuwezi kumzika kama mtu hakuwa na watu.

[07:40] Mwalimu: Habari za asubuhi. Familia imeniomba niandike neno la majirani, nikaanza hivi, mnirekebishe: "Bob Collymore alipofariki tarehe 1 Julai 2019, nchi yote ilisimama. Alikuwa ameongoza Safaricom tangu 2010, na bado kitu watu walirudia kusema ni vile alikuwa mpole na mnyenyekevu. Kesho yake mwili wake ulichomwa pale Kariokor, Nairobi, ibada ndogo, bila makuu. Mzee wetu hatatangazwa kwa habari ya saa moja. Alikuwa na mashine tatu na malori mawili, na alikuja kazini na baiskeli, Black Mamba." Nimefika hapo nikakwama

[07:44] Mama Ciru: Andika ile chupa Mwalimu

[07:44] Mwalimu: Chupa gani?

[07:51] Mama Ciru: Ya chumvi. Ukileta mahindi anatia kidogo kwa chupa ya soda imekauka vizuri, anaongeza chumvi kavu, anatikisa, anakuonyesha kwa mwanga wa mlango. Chumvi ikishika kwa kioo mahindi yana maji, hasagi. Anakuambia mama anika siku mbili tatu, sumu ya ukungu haitoki hata ukipika ugali mpaka uungue. Hata ulie. Na ukilia sana anakupimia unga wake ukale hizo siku, halafu anaandika kwa kitabu

[07:53] Fundi Pikipiki: Na baadaye alinunua ile mashini ya kupima maji ya mahindi, ikizidi asilimia 13.5 hapana. Lakini chupa hakuacha, alisema mama aone na macho yake mwenyewe

[08:02] Mwalimu: Nimeandika. Na Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi, watu waliokimbia makwao wamejaa Showground na Afraha. Nilikuwa Showground na watoto wawili. Lori lilikuja na unga jioni, dereva akakataa kusema limetoka kwa nani. Niliona jina la posho kwa gunia

[08:03] Kinyozi wa Stage: Hiyo sikuwa najua

[08:03] Mwalimu: Sijawahi kusema

[12:20] Mama Kevo (Katibu): Saa sita imepita. Majina saba. Nimeweka dipoziti na pesa yangu ya mboga.

[12:31] Baba Ciru: Bado hujajibu 6,400

[12:46] Mama Kevo (Katibu): Sawa nijibu. Nilimpelekea Mzee ya dizeli. Akakataa, akaniambia mpe soja wa gate mtoto wake ako hospitali, na usiseme kwa mkutano, soja ataona haya. Nikanyamaza. Miaka minne nimeitwa mwizi chini chini na nimenyamaza kwa sababu nilimwahidi.

[12:50] Baba Ciru: Na shahidi ndio huyo amekufa

[12:50] *Ujumbe huu umefutwa*

[16:37] Soja Gate: habari zenu samahani nilikuwa nimelala nikona shifti ya usiku. ni mimi nilipewa. sikujua ilikuwa ya basi. mtoto alipona sasa ako darasa la pili

[16:40] Mama Ciru: 🙏🏾

[18:05] Cucu wa Gate ya Kijani: Hapa ni mjukuu naandika, Cucu ndio anasema. Anasema nyamazeni kidogo. Anasema Mzee alimwachia kijana wake neno, kile kitabu cha madeni kichomwe bila kufunguliwa. Kitachomwa. Lakini Cucu anajua ukurasa wake. Debe mbili za mahindi mwaka wa korona, na Mzee alizileta mwenyewe mlangoni usiku ili watu wasione. Anasema kila mtu hapa anajua wake. Alipe kwa mama, mke wa Mzee, kimya kimya, bila jina kuandikwa kwa grupu. Na basi ni moja, hema ni moja. Mtu akisema asipigiwe kelele asipigiwe. Amemaliza.

[18:06] Fundi Pikipiki: Sawa Cucu

[18:06] Mwalimu: Sawa Cucu

[18:07] Kinyozi wa Stage: Sawa Cucu

[18:30] Mama Kevo (Katibu): Nimesikia Cucu. Sasa basi ni viti 33 na wanaotaka kwenda wamefika 50. Nani ataenda na matatu ya Bahati? Na tunaondoka saa moja ama saa mbili? Na shada bado.

[20:15] Mama Ciru: Mimi nitapanda matatu

[21:02] Kinyozi wa Stage: Mazishi ni Subukia mjini ama kule juu?

[21:03] Mama Kevo (Katibu): 🤦🏾‍♀️ Soma juu

[22:48] Baba Ciru: Katibu nimetuma 1,640. 500 ni ya basi. Hiyo ingine mpelekee mama, usiseme ni ya nani

[22:50] Mama Kevo (Katibu): Baba Ciru umesema kwa grupu

[22:51] *Ujumbe huu umefutwa*

[22:58] Mama Kevo (Katibu): Nimeona pesa. Asante. Saa moja ama saa mbili jameni?