Kitabu cha kwanza kihurumiwe? (mjadala, Bukavu)

Msomaji wa Nguba: Wakubwa kwa wadogo, jambo. Nimesoma riwaya za vijana mfululizo, zote vitabu vya kwanza vya waandishi wao: ya mapenzi, ya upelelezi, ya falme na uchawi. Ile ya upelelezi imekufa katikati. Muuaji anajulikana hata maiti haijazikwa. Nikiihakiki niseme hivyohivyo, au nimhurumie mwandishi kwa kuwa ndiyo anaanza?

Mwalimu wa Ibanda: Sema. Aliyetoza bei kamili asiombe huruma. Ila unapoteza muda: ya mapenzi ni ya wasichana wa saluni, na ya uchawi si fasihi.

Mama Saluni, Kadutu: Jambo mwalimu. Wa saluni ndiye mimi. Kwangu kuna riwaya ya mapenzi, fotokopi, imeshonwa kwa uzi wa kusukia, karatasi zinanata mafuta ya nywele. Kurasa za mwisho hazipo. Kila msichana akifika pale inapokatika anasimulia anavyodhani iliisha, wenzake wanapinga, mpaka juzi mteja akaungua na dawa kichwani. Wanafunzi wako wewe wanagombania kitabu gani?

Fundi Simu: 😂😂 Alilipa?

Mama Saluni, Kadutu: Nusu. Namngoja mwalimu.

Mwalimu wa Ibanda: Sikumtukana mtu. Nilisema vitabu vina ngazi.

Dada Maktaba: Ngazi hizo tunazijua sana. S. E. Hinton wa Marekani alikuwa na miaka 18 riwaya yake ya kwanza, The Outsiders, ilipotoka, 1967. Mchapishaji alimshauri atumie herufi za mwanzo za majina yake tu, wahakiki wanaume wasije wakakidharau wakijua ni cha msichana. Wangeandika Susan pale juu, papa mwalimu, ungekiweka ngazi ya ngapi?

Fundi Simu: Si yule Mfaransa?

Dada Maktaba: Mfaransa ni Françoise Sagan, chake cha kwanza kilitoka 1954. Naye alikuwa na 18.

Mzee wa Panzi: Na uchawi? Tomi Adeyemi alianza mwaka 2018 na riwaya iliyojaa miungu ya Wayoruba, vijana wakaigombania. Ondoa mazimwi katika hadithi za bibi zetu uone kitakachobaki. Salamu tu! Kijana wa Nguba, kila aina ina ahadi yake. Ya upelelezi iniwekee dalili mapema, hata nisipoziona. Ya uchawi isivunje sheria zake yenyewe ili kumwokoa shujaa. Ya mapenzi inipe sababu ya kweli ya wawili kutokuwa pamoja, siyo barua iliyopotea. Mpime mwandishi kwa ahadi hiyo, umri wake muachie mama yake.

Dada Maktaba: Hata wakutubi wa Marekani wana tuzo ya William C. Morris, tangu 2009, kwa vitabu vya kwanza vya vijana peke yake. Wanaoanza wanashindana na wanaoanza.

Mwalimu wa Ibanda: Kugombaniwa si hoja, hata sambaza, samaki wale wadogo, zinagombaniwa. Na hakuna aliyeuliza: hiyo fotokopi ya saluni ilimlipa mwandishi faranga ngapi? Huo ni wizi.

Mama Saluni, Kadutu: Eh! Kutoka ngazi tumefika wizi? Nionyeshe duka hapa Bukavu lenye hicho kitabu, leo hii nalipa. Si kwa mkopo.

Fundi Simu: Mwalimu, silabi zako, zile noti za darasani, si fotokopi?

Mwalimu wa Ibanda: Silabi nimeziandika mwenyewe!

Fundi Simu: Na wanafunzi wanazinunua kwa lazima. Hao wasichana wanasoma kwa kupenda.

Msomaji wa Nguba: Jamani, uhakiki wangu…

Mzee wa Panzi: Andika, taja ukurasa alipoharibu, muuaji usimtaje. Wengine bado hawajasoma.

Fundi Simu: Mama, kurasa zinazokosekana zinaanzia ngapi? Kuna mtu wa Bagira anasema anazo.

Mama Saluni, Kadutu: 181. Aje nazo, namsuka mke wake bure.

Mwalimu wa Ibanda: Na hizo nazo ni fotokopi!