Nyumba ina bima na nataka kung'oa paa, bima inaendelea au inakufa?

mama_wawili
Habarini wadau. Nyumba yetu iko Njiro, Arusha, tunaishi wenyewe, bima tulikatiwa kupitia benki tulipochukua mkopo. Sasa kenchi zimeliwa na mchwa, tunang'oa paa lote tupige bati la msauzi na tuongeze vyumba viwili nyuma. Tutahamia kwa wakwe Moshi mpaka mafundi wamalize. Bima itaendelea tu kama kawaida? Na ujenzi ukiisha?

Mzee wa Kijenge
Bima za bongo ni kulipa tu, siku ya kudai utazungushwa mpaka uchoke. Hela hiyo nunua sementi.

wakala_mstaafu
Mzee usimkatishe mwenzio tamaa. Dada, chukua mkataba wenyewe, sio ile karatasi moja uliyopewa benki, halafu tafuta panapoongelea nyumba kukaa bila mtu. Mingi inaweka siku 30 mfululizo, zikipita hapo wizi na maji ya bomba wanavitoa, na nyinyi mnahamia Moshi kabisa. Tafuta pia panaposema mabadiliko ya jengo. Waandikie KABLA fundi hajagusa bati, usipige simu tu, barua au imeili, na majibu yao uyatunze. Wanaweza kukubali hivyo hivyo, wakaongeza ada, au wakakwambia ukate bima ya ujenzi, ambayo ndiyo inashika kazi inayoendelea na vifaa vilivyoko saiti. Ya nyumba ya kawaida mara nyingi haina habari na nondo zako zilizolala nje.

sakina_boy
Naongezea, jirani yangu alifungua paa mwezi wa nne, nani anafungua paa masika jamani, turubai likachanika usiku, asubuhi jipsamu yote ya sebuleni iko chini imekuwa uji na makochi yameloa. Kampuni ikamjibu mvua imepitia uwazi mlioufungua wenyewe, na kwenye mkataba kweli imeandikwa hivyo.

mama_wawili
Duh. Na fundi akianguka kwenye kenchi je?

wakala_mstaafu
Huyo bima yako ya nyumba haimhusu. Ukimpa kazi mkandarasi aliyesajiliwa muombe akuonyeshe bima yake na usajili wake WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ukichukua fundi wa mtaani uliza kampuni kuhusu kinga ya dhima, yaani ile inayolipa mtu mwingine akiumia na wewe ukadaiwa.

Baada ya ujenzi ndio wengi wanalala. Tuseme nyumba kuijenga upya ni milioni 120 ila kwenye mkataba bado inasomeka 60, jiko likiungua hasara ya milioni 20 watakulipa 10, maana ulikata bima nusu, na hapo hawajatoa ile sehemu unayobeba mwenyewe. Tafuta mthamini akupe gharama ya kujenga upya, usiandike bei ya kuuzia, viwanja vya Njiro ni hela ndefu lakini kiwanja hakiungui. Na ada ina VAT juu yake, usishtuke.

Mzee wa Kijenge
Sawa, wakigoma kulipa anaenda wapi?

wakala_mstaafu
Anaanza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni, wakikaza anaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Dada, barua yako nakala moja ipeleke benki, wao nao wana maslahi kwenye hiyo nyumba.

mama_wawili
Nashukuru sana kaka, kesho naenda kuomba huo mkataba. Paa tunasogeza mpaka mwezi wa sita.