Naomba ushauri: stendi ya tangi la samaki imelalia upande
Habari zenu wakuu. Nina tangi la kioo la sm 120 kwa 40, kimo 45. Likijaa ni lita 216, yaani maji peke yake kilo 216, bado mchanga na mawe. Seremala kanitengenezea stendi ya mninga, imara kabisa, ila pima maji inaonyesha kulia kumeshuka milimita 4. Nadhani ni sakafu. Nilipotia maji robo tu, mstari wake ulikaa mshazari kwenye kioo. Nikaacha hapo hapo.

Je, nichomeke vibao chini ya miguu ya stendi, au sponji chini ya tangi inatosha? Naogopa kioo kupasuka. Halafu mwanangu wa miaka 3 anapenda kuning'inia kwenye meza. Niifunge stendi ukutani kwa skrubu?