Tupeane uzoefu: barua za vita tunazozikuta kwenye nyumba za wazee huku Marekani

Mkwezi_wa_Pangani
Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ni kuhamisha vyombo. Mzee akifariki na familia ikataka nyumba iuzwe, tunaitwa sisi. Vya mnada kando, vya kugawa kando, vilivyobaki kwenye kontena la taka. Leo nimekaa kwenye gari nusu saa nzima, nimeshindwa hata kuwasha.

Chini ya kitanda nimekuta boksi la viatu limefungwa kwa utepe. Ndani barua, mia na ushehe, za Vita vya Pili vya Dunia, 1943 mpaka 1945. Pale pa kubandika stempu askari ameandika tu kwa mkono "Free", maana kuanzia 1942 wanajeshi hawakulipia barua. Nyingine ni zile za V-mail, vikaratasi vya ukubwa wa kiganja. Mtu aliandika kwenye fomu ya ukurasa mmoja, fomu ikapigwa picha, kilichosafiri ni filamu, na upande wa pili wakaichapa tena kwa udogo. Magunia 37 ya barua yaligeuka gunia moja, nafasi ikabaki kwa risasi na chakula.

Mjukuu wa marehemu akaniambia tupa tu, huo mwandiko wa kuunganisha haujui. Hakusema kwa ubaya, kijana alikuwa amechoka. Sikutupa. Baba yangu alikuwa baharia, na mama alihifadhi barua zake zote ndani ya mto. Mama alipofariki sisi watoto tulizitumia kuwashia jiko. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nachochea.

Aliyewahi kukutana na haya aseme. Na boksi nilifanyeje?

BintiKilwa
Mkuu umenitonesha. Na mimi nimezikuta, Kansas. Sina nguvu ya kuandika leo.

Shosho_wa_Baadaye
Jameni. Mimi niko Minnesota, nililea mzee mkulima miaka mitatu. Mkewe alitangulia. Alikuwa na barua alizomwandikia mkewe kutoka Italia, zimejaa matundu ya mstatili, zimekatwa kwa wembe. Nilidhani ni panya! Akacheka, akanieleza kwamba barua za askari wa kawaida zilisomwa na afisa wa kikosi chake mwenyewe kabla ya kufungwa. Ukitaja mji, hali ya hewa, idadi ya watu, jina la meli, wembe unapita.

Kilichoniuma ni kitu kingine. Aliniambia, "Luteni aliyekuwa anasoma maneno yangu kwa mke wangu ndiye niliyekuwa nakula naye asubuhi." Kwa hiyo hakuweza kuandika neno la mapenzi hata moja. Barua zote ni mahindi, ng'ombe, na kuulizia tairi za trekta. Mkewe alimlaumu mpaka uzeeni kwamba vita vizima hakuwahi kumwambia anampenda. Mzee alikuwa ananionyesha yale mahindi na kusema, "Hapa nilikuwa namwambia."

Kalamu_Nyekundu
Kulikuwa na bahasha za buluu kwa ajili ya hilo. Ukiandika ndani yake, afisa wako haifungui, inakaguliwa ngome ya nyuma na watu wasiokujua. Ila zilitolewa kwa kuhesabu. Nashangaa mzee hakuzitumia.

Shosho_wa_Baadaye
@Kalamu_Nyekundu labda hazikumfikia. Mtu ana miaka kumi na tisa, yuko matopeni, unataka aombe bahasha ya rangi?

Mzee_wa_Uvira
Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, niko Waterloo hapa Iowa, tuko wengi. Hapa ndipo kwao wale ndugu watano Sullivan: George, Francis, Joseph, Madison na Albert. Waliingia jeshi la majini kwa sharti la kuwa pamoja, wakawekwa meli moja, Juneau. Ikazama Novemba 1942 karibu na kisiwa cha Guadalcanal, Bahari ya Pasifiki. Mjini kuna makumbusho yenye jina lao, nilipelekwa na darasa la Kiingereza la wakimbizi.

Pale nilijifunza kwamba mama yao Alleta alisikia uvumi mtaani kabla serikali haijasema kitu. Akachukua kalamu, Januari 1943, akawaandikia wakuu wa majini kuuliza kama ni kweli wanawe wamekufa. Rais Roosevelt mwenyewe akamjibu. Mwalimu alikuwa anaendelea kueleza, mimi niko nje nalia. Mama yangu alipoteza watoto wawili 1998 na hakuwa na mtu wa kumwandikia. Angeandika kwa nani? Posta gani?

BintiKilwa
Pole sana baba. 🙏

MamaSwaumu
Sikutaka kuandika, lakini mmeniamsha. Ni ndefu, mnivumilie.

Mwaka 2011 nilikuwa Massachusetts, zamu ya usiku, nyumbani kwa bibi wa miaka 89. Macho yalikuwa yamekwisha na kumbukumbu inakuja na kuondoka. Alikuwa na bati la biskuti lenye barua za mume wake wa kwanza. Waliishi pamoja miezi minne tu, kijana akapelekwa Ulaya. Walikubaliana kuzipa barua namba, maana posta ya vita haikufuata mpangilio, ya tano ingeweza kufika kabla ya ya pili. Kila usiku nilimsomea moja. Kiingereza changu cha Tanga, na yeye alikuwa ananisahihisha majina ya vijiji.

Kijana aliuawa Januari 1945 Ubelgiji, kwenye theluji. Telegramu ilikuwemo ndani ya bati. Inaanza kwamba Waziri wa Vita anataka kueleza masikitiko yake makubwa, halafu jina la mume, kama fomu. Lakini barua haziijui telegramu. Alishaambiwa amekufa, na ya 57 ikafika. Kisha ya 58. Kisha ya 60, na ya 61, ya mwisho. Wiki nzima marehemu anamsalimia. Na zake yeye zikarudi rundo zima, zimegongwa muhuri kwamba mpokeaji ni marehemu.

Ya 59 haikuja. Mwaka 1947 serikali ilimwandikia kumuuliza aletewe mwili nyumbani au abaki kule, akachagua abaki Henri-Chapelle, makaburi ya askari wa Marekani hukohuko Ubelgiji. Aliniambia sababu: alihisi akimhamisha, ya 59 itapotea njia. Baadaye akaolewa tena, akazaa, akazika mume wa pili. Bado kila nikifika ya 58 alikuwa ananiuliza, "Inayofuata imekuja?" Nikisema bado bibi, anageukia ukutani.

Usiku mmoja wa Februari alikuwa na homa, pumzi inakwama, nimeshampigia nesi. Akauliza. Wallahi sijui nini kilinishika. Nikasema imekuja. Nikachukua karatasi tupu kwenye daftari langu la dawa, nikaikunja na kuikunjua ili asikie sauti yake, nikaanza kusoma kutoka kichwani. Nilisoma dakika tano hivi. Nilipomaliza akasema, "Soma tena."

Sikuweza! Sikukumbuka nilisema nini. Nikasema nitaisoma kesho, ukilala. Nikatoka koridoni, nikaiandika yote mpaka alfajiri, nikaiweka kwenye bati kati ya 58 na 60. Akapona homa ile. Nikamsomea ya 59 kila zamu yake ilipofika mpaka alipofariki mwezi wa tano.

Baada ya msiba binti yake alinipigia simu. Amekuta karatasi yenye mistari ya buluu, mwandiko si wa yule mume wa kwanza. Akaniuliza, "Hii ni yako?"

Hakimu_wa_Mtaa
Dada unajua kuna sheria ya siri za wagonjwa? Unaanika maisha ya mtu hadharani.

MamaSwaumu
@Hakimu_wa_Mtaa sijataja jina wala mji. Na binti yake mwenyewe aliniruhusu nisimulie.

Hakimu_wa_Mtaa
Sawa, hilo nimeelewa. Lakini kumsomea barua ya uongo mtu asiyeona, mimi kwa imani yangu siwezi kukupongeza. Alisubiri miaka sitini na sita kwa uaminifu. Ukampa ya kughushi. Alikuwa na haki ya kufa akisubiri.

Shosho_wa_Baadaye
Haki ya kufa akisubiri?? Wewe umewahi kukaa na mgonjwa saa tisa ya usiku?

Hakimu_wa_Mtaa
Nimemzika mama yangu baada ya kumlea miaka sita. Nilimwambia ukweli kila siku, hata ulipouma.

Kalamu_Nyekundu
Msigombane. Jeshi lenyewe lilifanya hivyo. Vitu vya askari waliokufa vilipelekwa ofisi maalumu Kansas City. Pale vilipekuliwa kipande kwa kipande kabla ya kutumwa kwa familia: damu inafutwa, na barua ya mwanamke mwingine kama ipo inaondolewa ili mke asiione. Wajane wangapi walipokea maisha ya waume zao yakiwa yameshachujwa?

Hakimu_wa_Mtaa
Kosa la serikali halihalalishi la mtu.

Ngoma_Haivumi_Mbali
Hao walikuwa na barua za kubishania. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Burma 1944. Hakujua kusoma. Karani wa kikosi alimwandikia nyanya, na mwalimu wa misheni akamsomea. Maneno ya mume na mke yamepita vinywa viwili vya wanaume wengine. Hatuna hata bahasha.

Mzee_wa_Uvira
Hiyo nayo ungeifungulia mada yake ndugu, tukuchangie.

Dada_wa_Posta
MamaSwaumu, nimesoma mara mbili. Labda ya 59 ilikuwa kwenye yale maghala ya Birmingham, Uingereza. Mnawajua wale wanawake weusi wa jeshi la Marekani, kikosi cha posta cha 6888? Walikuwa 855, kamanda wao Charity Adams. Walifika Februari 1945, wakakuta mrundikano wa barua na vifurushi kama milioni 17, ghala baridi, madirisha yamepakwa rangi nyeusi kwa hofu ya ndege za adui, panya wameshafungua keki za Krismasi. Walipewa miezi sita, wakamaliza kwa mitatu. Zamu tatu usiku na mchana, barua kama 65,000 kila zamu. Askari wenye jina la Robert Smith peke yao walikuwa 7,500, inabidi utafute namba ya askari ujue ni yupi! Medali ya dhahabu ya Bunge walipitishiwa 2022, wengi wao wakiwa wameshakufa.

Kalamu_Nyekundu
Heshima kwao, lakini zile zilikuwa barua zinazokwenda KWA askari. Ya 59 ilikuwa inatoka kwake. Haiwezi kuwa pale.

Dada_wa_Posta
Kweli, nimekosea upande. Basi zake yeye, zile zilizorudi na muhuri, huenda zilipita mikononi mwao. Za waliokufa zilirudishwa kwa mtumaji. Fikiria dada mmoja kutoka Alabama au Georgia, yuko na koti ndani ya ghala, anagonga muhuri kwenye bahasha ya mke asiyemjua.

Fundi_Saa_Dallas
Turudi kwa mleta mada. Mkwezi, peleka ukapige laminesheni, maji hayaingii.

Kalamu_Nyekundu
USIFANYE HIVYO. Joto na plastiki vitaiua karatasi na hutaweza kuitoa tena. Ondoa pini na vibanio, maana kutu hula karatasi. Zikunjue taratibu, weka kwenye folda zisizo na asidi, usibandike selotepu, usiweke darini wala chini ya nyumba. Ukitaka kuweka namba tumia penseli. Na usizitenganishe na bahasha zake, tarehe ya posta ni nusu ya habari.

Fundi_Saa_Dallas
Za babu mkwe wangu tumepiga laminesheni 2009 na ziko safi. Mnatia watu hofu.

Ngoma_Haivumi_Mbali
Mimi ningezichoma. Maneno ya kitandani ya watu, mhamisha vyombo anayasoma kwenye gari?

Mkwezi_wa_Pangani
Nimesoma mbili tu, mkuu. Nikafunga.

Dada_wa_Posta
Usichome chochote! Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi St. Louis liliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, walioacha kazi kati ya 1912 na 1960, asilimia kama 80 ya mafaili hayapo. Kuna familia ambayo uthibitisho pekee kwamba baba alikuwa kikosi fulani ni anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Familia ikikataa kabisa, Maktaba ya Bunge inapokea kupitia mradi wake wa historia za maveterani, na Chuo Kikuu cha Chapman kule California kina kituo kizima cha barua za vita.

Shosho_wa_Baadaye
Na kabla ya California, mtafute mama wa huyo kijana. Mjukuu hana uchungu nazo, binti anaweza kuwa nao.

BintiKilwa
MamaSwaumu, samahani nakuuliza. Yule binti ulimjibu nini? Na uliandika nini ndani?

MamaSwaumu
Nilimwambia ndiyo, ni yangu, naomba radhi, nitakuja kuichukua. Akakaa kimya, nikadhani amekata simu. Kisha akasema hataki niichukue, ila anaomba niandike tarehe na jina langu nyuma yake, ili mtu wa baadaye asidanganyike. Nilikwenda nikaandika. Kwa hiyo kaka Hakimu, hata mimi sina hakika nilifanya sawa. Ninachojua ni kwamba sasa imeandikwa ni ya nani.

Ndani hakuna kikubwa. Niliandika kwamba wamepata viazi vya moto, kwamba miguu imekauka, kwamba mwenzake wa mahandaki anaimba vibaya. Ya mwenzake niliitoa kwenye ya 58, sikuibuni. Nilipofika mwisho sikujua huyo kijana angemalizaje. Nikachungulia ya 58, nikachungulia ya 60. Zote mbili zinaisha sawasawa: anamkumbusha asisahau kukomea mlango wa nyuma. Nikaweka hilo. Na kila nilipolisoma, bibi alikuwa anajibu, "Nimeukomea."

Mkwezi_wa_Pangani
Nimesoma nikiwa bado kwenye gari. Boksi liko kiti cha pembeni, nimelifunga mkanda. Kijana amenipa namba ya mama yake, yuko Toledo. Huko ni saa mbili usiku sasa, si usiku sana. Napiga.