Naomba ushauri: ioni na molekuli ya maji, nitumie kanuni ipi?

Wakuu, habari zenu. Naandaa somo la jinsi chumvi inavyoyeyuka na kuna sehemu imenikwamisha.

Msingi hauna shida: oksijeni ya maji ina chaji hasi kidogo, kwa hiyo inaelekea ioni ya sodiamu (ioni ni atomu yenye chaji; hii ina chaji chanya), na haidrojeni zinaelekea kloraidi, yenye chaji hasi. Tatizo ni nishati ya mvutano huo. Kanuni moja inasema inapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, nyingine kwa kipeo cha nne. Tofauti si ndogo hata kidogo! Ukizidisha umbali mara mbili, ya kwanza inabakiza robo, ya pili inabakiza 1/16.

Ninavyoelewa, ya kwanza ni ya molekuli iliyotulia upande mmoja, ya pili ni ya inayozunguka huru kwa joto. Nimekokotoa kwa sodiamu, umbali wa nanomita 0.24 na dipoli ya maji (kipimo cha jinsi chaji zake zilivyotengana) ya debai 1.85, nikapata karibu kilojuli 93 kwa moli. Nishati ya joto kwenye nyuzi 25 ni takriban 2.5 tu, kwa hiyo molekuli iliyo jirani haiwezi kuzunguka ovyo.

Sasa naomba mnisaidie: nihamie kanuni ya pili kuanzia umbali gani? Na ile namba 80 ya maji ya kudhoofisha mvutano (yaani maji hupunguza mvutano kati ya chaji karibu mara 80), ina maana yoyote kwa molekuli zilizogusana na ioni? Mimi naona haina, ila ningependa kusikia hoja zenu kabla sijawafundisha wanafunzi.