Dawa ya degedege ikazidisha degedege, inawezekanaje?

MamaShani
Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, degedege lilimuanza akiwa na miezi mitano, homa kidogo tu, malaria wakapima hakuna, akakakamaa mkono na mguu wa kulia peke yake karibu dakika ishirini. Mama mkwe akaja na kinyesi cha tembo tumfukize, nikakataa tukanuniana wiki nzima. Likawa linajirudia, siku nyingine hata maji ya kuoga yakiwa ya moto kidogo tu linaanza. Akaandikiwa kabamazepini, nikampa kwa saa kama nilivyoambiwa, ndo kwanza yakaongezeka!! Mwezi uliopita tumepata daktari wa mishipa ya fahamu akaisimamisha, akatuandikia valproeti, tunaona nafuu. Akasema inawezekana ni Dravet, aina ya kifafa cha utotoni, kwamba "seli za breki" kwenye ubongo ndo mbovu, ila foleni ilikuwa ndefu nikaona aibu kuuliza zaidi. Sasa dawa ya kutuliza ubongo inazidishaje degedege? Na maneno hayatoki, anasema "ma" na "maji" basi.

TabibuZamu
Pole sana dada, na hukukosea kitu. Iko hivi. Ubongo una seli za kuchochea na seli za kuzuia, zile za kuzuia ndo zinatoa GABA, kemikali ya kutuliza, ni chache ila ndo viranja wa darasa. Kwa watoto wengi wa Dravet tatizo liko kwenye jeni inaitwa SCN1A, inayotengeneza vijilango vya kupitisha sodiamu kwenye seli, na seli ikitaka kupiga umeme lazima sodiamu iingie. Sasa viranja ndo wanaovitegemea sana hivyo vijilango maana kazi yao ni kupiga haraka haraka bila kupumzika, wale wachochezi wana aina nyingine za kuegemea. Nakala moja ya jeni ikiharibika kiranja anasinzia, darasa linabaki lina fujo. Kabamazepini inafanya nini? Inabana vijilango vya sodiamu vya kila mtu, haichagui. Wapiga kelele wanapungua kidogo lakini kiranja aliyekuwa anasinzia ndo analala fofofo kabisa. Umeona? Kwenye panya lilionyeshwa 2006 na maabara ya mtafiti William Catterall kule Seattle, Marekani, wachochezi wazima, wazuiaji hoi.

Ngosha_wa_Mjini
Aisee mnatisha watu, kwa hiyo kila mtoto mwenye degedege ana huu ugonjwa? Wanangu wote watatu walipata wakakua, mmoja sasa hivi ni fundi magari.

TabibuZamu
Hapana mkuu, wa kwako ni lile la homa la kawaida, linakuja kati ya miezi sita na miaka mitano, dakika chache limeisha, mtoto anakua vizuri. Dravet ni adimu, Marekani walikadiria mtoto mmoja kati ya 15,700. Kinachoshtua ni kuanza kabla ya mwaka, kuchukua muda mrefu, kukamata upande mmoja leo kulia kesho kushoto. Na jamani msiende kutupa kabamazepini zenu, kwa aina nyingine za kifafa ni dawa nzuri tu, na ukiikata ghafla bila daktari unaita balaa.

BabaPacha
Mimi nina mmoja ana usonji, hana kifafa, nimeyasoma haya mpaka macho yanauma. Watafiti Rubenstein na Merzenich walitoa hoja 2003 kwamba baadhi ya usonji ni huo huo mchochezi kumzidi mzuiaji. Mwanangu blenda ya jirani ikiwashwa anaziba masikio analia, nikajisemea basi ndo hiyo, viranja hawapo. Ila sio rahisi hivyo, kuna dawa inaitwa bumetanaidi ilitarajiwa ingeipa GABA nguvu yake, majaribio makubwa yakasimamishwa 2021, haikukizidi kidonge kisicho na dawa ndani. Nadhani shida ni kuufikiria ubongo kama mzani wa dukani, ongeza huku punguza kule, wakati mtaa mmoja wa ubongo unaweza kuwa umezidi na wa pili umepungua kichwani kwa mtoto huyo huyo.

Kuhusu maneno dada Mama Shani, hao panya wa Dravet pia walikuwa wanajitenga na wenzao, 2012 wakapewa klonazepamu dozi ndogo mno, ndogo kuliko ya kutuliza degedege, wakaanza kuchanganyika. Ni panya lakini, usije ukampa mtoto. Anza mazoezi ya kuongea sasa hivi, usisubiri degedege liishe kwanza.

MamaShani
Asanteni sana jamani, la kiranja nimelielewa mpaka nimemsimulia mume wangu. Leo nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake ya kliniki ASIPEWE KABAMAZEPINI, maana Desemba tunaenda kwa bibi yake, na usiku likimshika huko sijui tutamkuta nani zamu.