Naomba ushauri: naanza Kiarabu kutoka sifuri, naongoza watalii Arusha

Habari wakuu. Naongoza watalii Tarangire na Ngorongoro. Nataka wageni wa nchi za Ghuba niwaeleze wanyama kwa lugha yao. Madrasa sikusoma, herufi sijui hata moja. Nina saa moja kila jioni. Nianze na fus-ha (Kiarabu sanifu) au lahaja? Na naweza kuruka maandishi, nikariri kwa herufi zetu hizi?

Mkazi_Kijenge: Maandishi usiruke mkuu. Kwa herufi zetu ح na ه zote zinakuwa h, ق na ك zote k. Sasa qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Ukimsifia mgeni kwa k nyepesi umeharibu.

Herufi ni 28. Zisome kwa umbo: ب ت ث hutofautiana nukta tu, kisha ج ح خ, hivyo hivyo. Nne kwa siku, wiki imetosha. Kila moja iandike mara 20 ikiwa peke yake, mwanzo, katikati na mwisho wa neno. Wengi hukwama kwenye sita hizi: ا د ذ ر ز و. Haziungani na herufi inayofuata, kwa hiyo neno moja linaonekana kama mawili. Wiki ya pili ingia alama za juu na chini ya herufi: fatha, kasra na dhamma (irabu a, i, u), sukuni (hakuna irabu) na shadda (herufi inarudiwa). Lakini usizizoee mno, kwenye mabango na magazeti huzikuti.

Binti_Majengo_Moshi: Naongezea sauti. Th, dh, gh Kiswahili kinazo (ila ukisema "semanini" na "zahabu", anza kurekebisha hapo). Kazi iko kwa ع (ain, ya kooni), ح na zile nzito ص ض ط ظ. Kwa ط ncha ya ulimi ikae kama ya t, ila nyuma ya ulimi ipande. Irabu inayofuata nayo inakuwa nzito. Tafuta ustadhi akusikilize robo saa mara mbili kwa wiki, sauti tu, sarufi baadaye. Kosa la sauti mwenyewe hulisikii.

Usitafute "ni": al-asadu kabir, basi, simba ni mkubwa. Na kuna mtego: aktubu ni naandika, ila naktubu ni TUNAandika. Hiyo na- inatuponza sana.

Dereva_wa_Njiro: Fus-ha miezi mitatu, ndipo lahaja ya Ghuba. Huko ق mara nyingi hutamkwa g, qahwa inakuwa gahwa. Usipojua asili yake utapotea. Wanyama: asad (simba), fil (tembo), zarafa (twiga), jamus (nyati), himar wahshi (punda milia), wahid al-qarn (faru). Kariri umoja na wingi pamoja, asad/usud, fil/afyal, maana wingi mara nyingi hubadilika ndani ya neno na hukisii.

Mleta uzi: Asanteni. Programu ya simu peke yake haitoshi?

Binti_Majengo_Moshi: Kwa msamiati sawa. Kwa ع itakupa alama zote na bado hutaeleweka. Weka kibodi ya Kiarabu kwenye simu leo hii.